Otoreli za Dizeli katika Reli za Vijijini nchini Ufaransa, 1945–1973: Umbo la Mashine kama Ushahidi wa Hesabu za Uendeshaji

Ikisiri

Makala hii inachunguza magari ya reli ya dizeli yaliyohudumu katika njia za vijijini nchini Ufaransa tangu kumalizika kwa Vita vya Pili vya Dunia hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970, hususani aina ya X 3800 iliyopewa jina la utani "Picasso". Hoja kuu ni kwamba umbo la chombo hiki haliwezi kufafanuliwa kikamilifu kwa kigezo cha uhandisi pekee. Umbo hilo lilitokana na swali la kihesabu: ni gharama ipi inayoweza kuondolewa katika uendeshaji wa treni yenye abiria wachache? Uchambuzi unaonesha kwamba magari hayo yalifaulu kupunguza gharama za kuendesha treni, lakini hayakuwa na uwezo wa kuondoa gharama za kuwapo kwa njia yenyewe. Mifano ya mtandao wa Carhaix na ule wa Vivarais inatumika kuipima hoja hiyo. Makala inahitimisha kwamba tathmini ya chombo haina budi kutenganishwa na tathmini ya hatima ya njia kilimopita.

1.0 Utangulizi

Historia ya reli za vijijini nchini Ufaransa katika karne ya 20 husimuliwa kwa namna mbili zinazopingana. Simulizi ya kwanza hudai kwamba magari mepesi ya dizeli yaliziokoa njia ndogo, kwa kuwa bila hayo treni za mvuke zingesimama mapema zaidi. Simulizi ya pili hudai kwamba magari hayo yalishindwa, kwa kuwa njia nyingi yalizozihudumia zilifungwa kwa abiria. Simulizi zote mbili zina ukweli ndani yake. Hata hivyo, zote zina kasoro moja ya kimantiki: zinapima ubora wa chombo kwa kutazama uhai au kifo cha njia, kana kwamba chombo na njia vina hesabu moja.

Makala hii inajenga hoja kwamba hesabu hizo ni mbili. Ipo hesabu ya kuendesha treni, yaani mafuta, wafanyakazi wa treni, muda wa maandalizi na matengenezo ya gari. Ipo pia hesabu ya kuwapo kwa njia, yaani mataruma, madaraja, kokoto, stesheni na ulinzi wa makutano ya reli na barabara. Magari ya dizeli yalibuniwa kujibu hesabu ya kwanza, na yaliijibu vizuri. Hesabu ya pili ilibaki mikononi mwa mamlaka nyingine, ikaamuliwa kwa vigezo vingine.

Ili kuthibitisha hoja hii, makala haitegemei maamuzi ya kiutawala pekee. Inatumia pia mashine yenyewe kama ushahidi. Mahali pa kukaa dereva, aina ya giaboksi, nafasi ya mizigo na namna ya kuongeza behewa ni mambo yanayosomeka kama safu za daftari la mapato na matumizi.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Mtafiti anayeandika juu ya mada hii kwa Kiswahili hukutana na tatizo la istilahi tangu ukurasa wa kwanza. Neno garimoshi, lililozoeleka katika vitabu vya shule, limebeba moshi ndani yake. Ni neno la enzi ya mvuke. Kuliita gari la dizeli "garimoshi" katika makala inayolinganisha dizeli na mvuke ni kufuta tofauti ambayo ndiyo kiini cha uchambuzi. Neno treni, kwa upande wake, humaanisha msururu wa mabehewa pamoja na kichwa chake, ilhali chombo kinachochunguzwa hapa mara nyingi kilisafiri peke yake. Neno behewa nalo humaanisha gari linalovutwa, lisilo na injini.

Kwa sababu hiyo, makala inatumia neno otoreli, lililotoholewa kutoka neno la Kifaransa autorail na kuegemezwa kwenye neno reli ambalo tayari ni la Kiswahili. Katika makala hii, otoreli ni gari moja la reli lenye injini yake, sehemu yake ya dereva na nafasi ya abiria ndani ya bodi moja. Gari lisilo na injini linalofungwa nyuma ya otoreli linaitwa tela, kwa kufuata matumizi ya kawaida ya barabarani. Upana wa njia ya reli unaitwa geji. Geji ya kawaida nchini Ufaransa ni milimita 1,435, na njia nyingi za gharama nafuu zilijengwa kwa geji ya mita moja.

3.0 Usuli: Njia Nyingi, Abiria Wachache

Wingi wa njia za vijijini nchini Ufaransa ulitokana na siasa kabla ya kutokana na biashara. Sheria ya tarehe 17 Julai 1879, inayohusishwa na waziri Charles de Freycinet, iliorodhesha njia 181 za kujengwa ili miji midogo isiachwe nje ya mtandao wa taifa. Sheria za mwaka 1865 na 1880 kuhusu reli za manufaa ya mahali ziliwezesha wilaya kujenga njia zao, nyingi zikiwa za geji ya mita. Matokeo yake yalikuwa mtandao mpana uliofika hadi mabonde na nyanda zenye wakazi wachache. Wakati huo mshindani wa treni alikuwa mkokoteni wa farasi, na ushindani huo treni iliushinda bila shida.

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia hali ilibadilika. Malori na mabasi yalianza kuchukua mizigo na abiria wa safari fupi. Treni ya mvuke ilikuwa mzigo mkubwa kwa njia yenye abiria kumi au ishirini kwa safari. Ilibidi moto uwashwe saa kadhaa kabla ya safari. Ilihitaji dereva na mchochea makaa kwenye injini, pamoja na gadi kwenye mabehewa. Ilihitaji maji njiani, makaa kwenye karakana, na mara nyingi jukwaa la kuzungushia injini mwishoni mwa safari. Gharama hizi zote zilikuwapo hata treni ilipokwenda tupu.

Katika miaka ya 1930 kampuni za reli zilijaribu magari ya kila namna. Michelin ilitengeneza gari la reli lenye matairi ya mpira, lililojulikana kama Micheline na kuoneshwa hadharani mwaka 1931. Liliondoka kwa wepesi na kusimama kwa haraka. Lakini tairi la hewa halikuweza kubeba uzito mkubwa, hivyo gari lilihitaji magurudumu mengi kwa abiria wachache. Bugatti ilitumia injini za petroli zilizotoka kwenye gari lake la kifahari, Royale, na kuunda otoreli za mwendo kasi kwa njia kuu. Renault, De Dietrich, Decauville, Berliet, De Dion-Bouton na Billard kila moja ilileta miundo yake. Shirika la Reli za Serikali, lililoongozwa na Raoul Dautry tangu mwaka 1928 hadi 1937, lilikuwa miongoni mwa wanunuzi wenye ari kubwa.

Shirika la taifa la reli, SNCF, lilipoanza kazi tarehe 1 Januari 1938, lilirithi mamia ya otoreli za aina nyingi mno. Wakati huohuo lilirithi sera ya uratibu wa reli na barabara iliyoanzishwa kwa amri ya tarehe 19 Aprili 1934, ambayo iliruhusu huduma za abiria za reli zihamishiwe barabarani pale ilipoonekana inafaa. Njia nyingi zilipoteza treni zake za abiria mwaka 1938 na 1939. Vita ilipoanza, uhaba wa mafuta ulizisimamisha otoreli nyingi, na baadhi zikafungwa vifaa vya kuzalishia gesi kutokana na kuni au makaa. Baadhi ya njia zilizokuwa zimefungwa zilirejeshewa treni kwa muda, kwa kuwa mabasi nayo yalikosa mafuta na matairi.

Somo la kipindi hiki ni muhimu kwa hoja ya makala. Otoreli za miaka ya 1930 zilipunguza gharama ya treni, lakini utofauti wake ulizalisha gharama mpya. Karakana moja ililazimika kutunza vipuri vya watengenezaji watano au sita, na fundi aliyejua mashine moja hakuijua nyingine. Gharama iliyoondolewa kwenye makaa ilirudi kupitia mlango wa ghala la vipuri.

4.0 Usanifishaji Baada ya Vita

Baada ya mwaka 1945, SNCF iliamua kuachana na utaratibu wa kununua miundo ya kila mtengenezaji. Chini ya mhandisi Charles Tourneur, aliyesimamia shughuli za otoreli katika shirika hilo, uliandaliwa mpango wa otoreli sanifu. Makundi yalitajwa kwa nguvu za injini: kundi la nguvu za farasi 150 kwa njia hafifu kabisa, kundi la 300 kwa huduma za kawaida za vijijini, na kundi la 600 kwa njia ndefu zenye miinuko au treni nzito zaidi. Baadaye yaliongezwa makundi ya 825 na 425.

Jambo la kuzingatia ni uhusiano kati ya kundi la 300 na lile la 600. Otoreli za X 2400, zilizotengenezwa kati ya mwaka 1951 na 1955, zilipata nguvu zake kutokana na injini mbili za Renault, kila moja ikiwa ya nguvu za farasi 300. Kwa maneno mengine, chombo kikubwa kilikuwa, kimashine, maradufu ya kile kidogo. Fundi aliyeifahamu injini moja aliweza kuhudumia makundi yote mawili, na injini ya akiba iliyokuwa ghalani ilifaa pande zote mbili. Usanifishaji huu ndio uliorekebisha kosa la miaka ya 1930.

Kundi la 300 ndilo lililozaa X 3800. Magari 251 ya aina hii yalitengenezwa kati ya mwaka 1950 na 1961. Kazi hiyo iligawanywa kwa viwanda kadhaa, vikiwamo ANF, De Dietrich na Renault, lakini michoro ilikuwa mmoja. Hii ndiyo sababu otoreli hii, yenye rangi nyekundu na krimu, ikawa sura ya kawaida ya treni ya kijijini katika kumbukumbu za kizazi kizima cha Wafaransa.

5.0 Kuisoma X 3800 kama Daftari la Hesabu

5.1 Kibanda cha dereva

Alama inayoitambulisha X 3800 ni kibanda cha dereva kilichochomoza juu ya paa, kikiwa kimesogezwa upande mmoja na karibu na ncha moja ya gari, juu ya chumba cha injini. Jina la utani "Picasso" lilitokana na mpangilio huo: watu waliufananisha na nyuso katika picha za mchoraji huyo, ambamo jicho au pua haviko mahali pake pa kawaida. Dereva alikaa ubavu kwa mwelekeo wa safari, akageuza kichwa upande mmoja wakati wa kwenda na upande wa pili wakati wa kurudi.

Kwa mtazamo wa raha ya dereva, mpangilio huu ulikuwa na walakini. Upande mmoja wa safari dereva alitazama mbele akiwa na paa refu kati yake na njia, na asingeweza kuiona vizuri sehemu iliyo karibu kabisa na ncha ya gari. Swali ni kwa nini wahandisi walikubali hali hiyo.

Jibu linapatikana katika gharama. Otoreli ya kawaida yenye uwezo wa kwenda pande zote mbili huhitaji vyumba viwili vya dereva, kimoja kila ncha, na kila chumba huhitaji seti yake ya vifaa vya kuongozea injini, giaboksi na breki. Vifaa hivyo hununuliwa mara mbili, hutunzwa mara mbili, na huchukua nafasi ambayo ingekaliwa na abiria. Kibanda kimoja juu ya paa kiliondoa seti moja nzima. Aidha, kwa kuwa kilikuwa juu ya injini, viungo kati ya mkono wa dereva na mashine vilikuwa vifupi na vya kimakanika, bila nyaya ndefu za kupita chini ya gari zima. Na kwa kuwa dereva aliweza kuona pande zote mbili, hapakuwa na haja ya kuligeuza gari mwishoni mwa safari. Jukwaa la kuzungushia, ambalo kila kituo cha mwisho cha njia ya mvuke kililithamini, likawa halina kazi kwa otoreli.

5.2 Giaboksi na mipaka yake

Nguvu ya injini ilifikishwa kwenye magurudumu kwa giaboksi ya kimakanika, kwa kanuni isiyotofautiana sana na ile ya lori. Mfumo wa umeme, ambamo injini huzalisha umeme unaozungusha mota, ulikuwa laini zaidi lakini mzito na ghali. Giaboksi ya kimakanika ilikuwa nyepesi, rahisi kutengenezwa, na ilieleweka kwa fundi yeyote aliyewahi kufanya kazi na magari ya barabarani.

Nafuu hiyo ililipiwa kwa namna nyingine. Dereva mmoja hakuweza kuongoza Picasso mbili zilizofungwa pamoja, kwa kuwa klachi na gia za gari la pili hazikuweza kuendeshwa kutoka kwenye kibanda cha la kwanza. Mbili zilipounganishwa, kila moja ilihitaji dereva wake. Kwa hiyo akiba ya wafanyakazi ilikuwapo pale tu treni ilipokuwa ndogo. Abiria walipoongezeka kupita uwezo wa gari moja na tela yake, faida ya muundo huu ilipungua ghafla. Hili si kosa la usanifu. Ni uthibitisho kwamba wabunifu walikuwa na treni moja akilini: treni ndogo, ya kila siku, ya njia yenye watu wachache.

5.3 Tela, mizigo na madaraja

Idadi ya abiria vijijini haikuwa sawa kila siku. Siku ya soko, siku za kwenda na kurudi shule za bweni, na mwanzo wa likizo zilijaza treni ambayo siku nyingine ilikwenda nusu tupu. Treni ya mvuke ilijibu hali hiyo kwa kubeba mabehewa ya ziada wakati wote. Otoreli ilijibu kwa tela: ilifungwa ilipohitajika, ikaachwa kwenye njia ya pembeni isipohitajika. Kwa kuwa tela hazikuwa na sehemu ya dereva, otoreli ililazimika kuzunguka na kujifunga upande wa pili katika kituo cha mwisho. Kwa hiyo njia ya pembeni na swichi zake ziliendelea kuhitajika, na kwa hili otoreli haikuiweka huru hesabu ya njia.

Ndani ya gari palitengwa nafasi ya mizigo midogo na vifurushi. Jambo hili linaonekana dogo, lakini linaeleza namna treni ya kijijini ilivyofanya kazi. Treni hiyo ilibeba pia baiskeli, vikapu vya kuku, vipuri vya mashine za shamba na magazeti. Palikuwa pia na mgawanyo wa madaraja hata katika gari dogo namna hii. Magari ya kwanza yaliingia kazini yakiwa na daraja la pili na la tatu, yakabadilishwa majina kuwa la kwanza na la pili baada ya daraja la tatu kufutwa mwaka 1956.

6.0 Gharama Ambazo Otoreli Haikuzifikia

Ikiwa sehemu iliyotangulia imeonesha kila safu ya daftari iliyofutwa, inafaa sasa kutaja safu zilizobaki. X 3800 ilikuwa na uwezo wa kwenda kilomita 120 kwa saa. Katika njia nyingi za vijijini mwendo huo haukuwahi kufikiwa, kwa sababu reli zilikuwa nyepesi, mataruma yamezeeka, kona ni kali na makutano na barabara ni mengi. Chombo kilikuwa bora kuliko njia yake. Abiria aliyeketi ndani yake aliona safari ya polepole, akailaumu treni.

Makutano ya reli na barabara yanastahili kutajwa kipekee. Katika sehemu nyingi za Ufaransa, kila kizuizi kilikuwa na mlinzi aliyekaa katika nyumba ndogo kando ya reli. Mara nyingi alikuwa mwanamke, mke wa mfanyakazi wa njia. Mlinzi huyo alihitajika iwapo treni iliyopita ilikuwa ya mabehewa kumi ya mvuke au otoreli moja. Hali kadhalika, daraja halikupunguza kutu kwa sababu treni imekuwa nyepesi, wala mteremko wa kokoto haukuacha kumomonyoka.

SNCF ilijaribu kuzigusa gharama hizi pia. Katika njia za reli moja zenye treni chache zilitumika kanuni nyepesi za uendeshaji, ambazo zilipunguza idadi ya wafanyakazi wa stesheni na kuwapa wafanyakazi wa treni sehemu ya majukumu ya stesheni masta. Vituo vingi vidogo vikawa vibanda vya kusubiria tu. Hata hivyo, upo ukomo wa akiba ya namna hii. Njia isiyo na wafanyakazi bado ina reli, na reli zina umri.

Hapa ndipo ushindani na basi ulipokuwa mgumu. Basi lilitumia barabara iliyojengwa na kutunzwa kwa fedha ambazo hazikuandikwa katika hesabu ya basi hilo. Otoreli iliandikiwa katika daftari moja gharama zake pamoja na za njia. Kulinganisha gharama za vyombo hivi viwili kwa kilomita moja ya safari, bila kutaja nani analipia njia, ni kulinganisha vitu visivyolingana.

7.0 Mifano Miwili: Carhaix na Vivarais

Hoja hii inaweza kupimwa kwa kuangalia mahali ambapo vyombo vilikuwa vya aina moja lakini hatima ya njia ikatofautiana. Mtandao wa geji ya mita wa Bretagne, uliojulikana kama Réseau Breton, unatoa mfano wa nadra. Kitovu chake kilikuwa Carhaix, mji mdogo katikati ya rasi, ambako njia zilitawanyika kama miale kuelekea Morlaix, Guingamp, Rosporden, Loudéac, na Châteaulin hadi Camaret. Uendeshaji ulikuwa chini ya kampuni binafsi, Société générale des chemins de fer économiques. Abiria walisafirishwa kwa otoreli za De Dion-Bouton na Billard, zilizotunzwa katika karakana ileile ya Carhaix.

Mwaka 1967 mtandao huo wa geji ya mita ulifungwa. Hata hivyo, mwale mmoja haukufa: njia ya Guingamp hadi Carhaix ilijengwa upya kwa geji ya kawaida katika mwaka huohuo, na treni za abiria zinaendelea kupita humo hadi leo. Otoreli za geji ya mita hazikuwa tofauti katika mwale huo kuliko katika miale mingine. Zaidi ya hayo, mwale uliosalia ndio ambao otoreli hizo hazikuweza tena kukanyaga, kwa kuwa geji ilibadilika. Iwapo chombo ndicho kingekuwa mwamuzi, miale yote ingeishi au yote ingekufa. Kilichoamua ni kama palikuwa na mamlaka iliyokubali kugharamia reli mpya.

Mfano wa pili ni mtandao wa Vivarais, kusini-mashariki mwa nyanda za Massif Central, uliokuwa na kitovu chake Le Cheylard na matawi yaliyoshuka hadi bonde la Rhône. Ni njia ya geji ya mita iliyopanda milimani kwa kona nyingi, ambamo injini za mvuke zilitumia makaa na maji kwa wingi. Otoreli za Billard zilizoingia katika miaka ya 1930 zilichukua sehemu kubwa ya huduma ya abiria, zikapunguza muda wa safari na gharama zake. Treni za abiria ziliendelea hapo hadi tarehe 31 Oktoba 1968, wakati ambapo mitandao mingi ya aina hiyo ilikuwa imekwisha kutoweka. Otoreli, kwa hiyo, iliipa njia hii takribani miaka 30. Kilichosimamisha huduma si uchovu wa otoreli pekee, bali ni mzigo wa kutunza njia ya milimani ambao hakuna aliyekuwa tayari kuendelea kuubeba.

Kwa pamoja, mifano hii inaonesha pande mbili za jambo moja. Vivarais inaonesha kile ambacho otoreli iliweza kufanya: kununua muda. Carhaix inaonesha kile ambacho haikuweza: kuamua muda huo utumike kwa nini.

8.0 Kutoka Hesabu hadi Sera

Mwaka 1967 Simon Nora alikabidhi serikali ripoti kuhusu mashirika ya umma. Ripoti hiyo ilipendekeza kwamba mashirika hayo yaachiwe kujiendesha kibiashara, na kwamba pale serikali inapotaka huduma isiyojilipa, ifidie gharama hiyo kwa uwazi. Kwa reli za vijijini pendekezo hilo lilikuwa na makali pande mbili. Kwa upande mmoja lilikuwa la haki, kwa kuwa lilitaka gharama ya huduma ya umma itajwe kwa jina lake. Kwa upande mwingine, njia ambayo hakuna mamlaka iliyojitokeza kuifidia ilibaki bila mtetezi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, huduma nyingi za abiria zilizosimama katika kila kituo zilihamishiwa kwenye mabasi.

Wakati huohuo chombo kiliendelea kuboreshwa. Kuanzia mwaka 1963 ziliingia otoreli za X 4300 za magari mawili yaliyofungwa pamoja daima, lenye injini moja mbele na sehemu ya dereva kila ncha. Haja ya kuzunguka tela mwishoni mwa safari iliondoka, na dereva mmoja aliweza kuongoza zaidi ya jozi moja. Kwa maneno mengine, dosari za Picasso zilizotajwa hapo juu zilirekebishwa katika miaka ileile ambamo njia zilizidi kufungwa. Mlingano huu wa nyakati unatosha kuonesha kwamba ubora wa chombo na uhai wa njia vilikwenda katika mikondo miwili tofauti. Picasso za mwisho ziliondolewa katika huduma ya SNCF mwaka 1988. Makumi kadhaa yametunzwa na vyama vya wapenzi wa reli.

9.0 Hitimisho

Makala hii imejaribu kuonesha kwamba otoreli ya X 3800 ni jibu la swali mahususi. Kibanda chake cha pembeni, giaboksi yake ya kimakanika, tela zake na injini yake sanifu vilifuta, kimoja baada ya kingine, mchochea makaa, maji, jukwaa la kuzungushia, seti ya pili ya vifaa vya dereva na ghala la vipuri visivyofanana. Katika hesabu hiyo otoreli haikushindwa. Safu zilizobaki, za reli, madaraja na makutano, hazikuwa katika uwezo wa mhandisi wa magari kuzifuta.

Matokeo ya utafiti huu yana athari mbili. Kwanza, kwa mwanahistoria wa teknolojia, yanatahadharisha dhidi ya kusoma hatima ya njia kama hukumu juu ya chombo. Pili, kwa mjadala wa sasa, yanaonesha kwamba swali halijafungwa. Ripoti iliyokabidhiwa na Jean-Cyril Spinetta mwezi Februari 2018 ilihoji tena uhalali wa kuendelea kugharamia njia ndogo zinazobeba takribani asilimia 2 ya abiria. Mjadala uliofuata uliibua tena matumaini juu ya magari mapya, mepesi na ya bei nafuu. Uzoefu wa miaka ya 1950 unaeleza kiasi cha matumaini hayo. Gari jepesi linaweza kuipunguzia treni gharama, na huo ni msaada wa kweli kwa mwanafunzi, mgonjwa na mzee asiye na gari, ambao kwao treni ya asubuhi ndiyo njia ya kufika mjini. Lakini kabla ya kuuliza gari gani litumike, sharti lijibiwe swali ambalo Picasso haikuweza kulijibu: nani atalipia taruma lililo chini yake?